Kupiga mbizi kwenye maji ya aligeta: hatari iko wapi hasa?

Kila baada ya miezi michache hunijia video ileile kwenye simu, safari hii kutoka kwa ndugu, safari nyingine kutoka kwa rafiki. Mpiga mbizi amejitwika mtungi wa hewa mgongoni, yuko chini ya maji maangavu kama kioo. Juu yake kidogo anapita mnyama mweusi mwenye mkia mrefu, miguu ameilaza ubavuni, anaelea bila haraka. Video huja na moja kati ya kauli mbili. Wapo wanaosema, "Hawa wenzetu wamechoka kuishi." Wapo wanaosema, "Kumbe mamba hana neno, ukimwacha naye anakuacha."

Kauli ya kwanza inawaonea wapiga mbizi. Ya pili inaweza kumuua mtoto wa mtu pale Rufiji. Ndiyo maana nimeona tulizungumze jambo hili taratibu, tangu mwanzo.

Tuanze na jina, kwa sababu nusu ya mkanganyiko imo humo. Mnyama wa kwenye video si mamba yule tunayemjua kwenye mito yetu. Ni aligeta. Kiswahili kimezoea kumwita kila mnyama wa sura ile mamba, na si kosa, kwani ni jamaa wa ukoo mmoja. (Majina ya wanyama yana visa vyake: Mwingereza akisema "mamba" anamaanisha nyoka, yule sisi tunayemwita koboko.) Wahenga walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Basi ndani ya neno letu moja la mamba wamo aina zaidi ya 20, na tabia zao zinapishana kama tabia za mbwa wa ulinzi na mbwa mwitu.

Aligeta wako wa aina mbili tu duniani. Mmoja yuko China, wachache sana wamebaki. Mwingine ni huyu wa Marekani, ambaye makao yake ni majimbo ya kusini mashariki, kuanzia North Carolina hadi Texas. Jina lake limetokana na Wahispania waliomwona na kumwita "el lagarto", yaani mjusi. Florida peke yake inakadiriwa kuwa na aligeta milioni 1.3, na hakuna wilaya hata moja ya jimbo hilo wasipopatikana. Ukimtazama usoni utamtambua: pua yake ni pana na ya mviringo kwa mbele, wakati ya mamba wa Nile imechongoka zaidi. Akifunga mdomo, meno ya chini hayaonekani. Mamba akifunga mdomo, jino la nne la chini hubaki nje pande zote mbili, na ndilo linalompa ile sura ya kucheka. Tofauti nyingine haionekani kwa macho: mamba ana tezi ulimini za kutolea chumvi zinazofanya kazi vizuri, aligeta hana. Kwa hiyo aligeta hukaa zaidi kwenye maji baridi, yaani mito, maziwa, mabwawa na chemchemi. Hapo ndipo anapokutana na wapiga mbizi.

Wanachofanya wapiga mbizi hao kinaitwa skuba. Ni kupiga mbizi ukiwa umebeba hewa yako mwenyewe kwenye mtungi, unaivuta kwa kifaa kilichoshikwa na meno. Si sawa na kuelea juu ukiwa na miwani na mrija wa kupumulia, kama wanavyofanya wageni wengi pale Mnemba au Kisite. Wa mrija anakaa juu ya maji. Wa mtungi anakwenda chini na kubaki huko nusu saa, saa nzima, au zaidi. Shika tofauti hii ya juu na chini, tutaihitaji muda si mrefu.

Na kwa nini mtu azamie penye aligeta wakati bahari ipo? Kwa sababu ya maji yenyewe. Sehemu kubwa ya Florida imekaa juu ya mwamba wa chokaa. Mvua ikinyesha, maji hupenya ardhini yakiwa na uchachu kidogo, na uchachu huo huula mwamba pole pole kwa maelfu ya miaka, mianya ikawa mifereji, mifereji ikawa mapango. Maji yanapopata upenyo wa kutokea, yanabubujika kama chemchemi. Jimbo hilo lina chemchemi zaidi ya 1,000, na zile za daraja la kwanza hutoa zaidi ya lita milioni 240 kwa siku kila moja. Kwa kuwa yametoka ardhini, joto lake halibadiliki, karibu nyuzi 22 za Selsiasi kiangazi na kipupwe. Mwamba umeyachuja hadi unaona kila jani lililolala chini.

Pale Ginnie Springs, chemchemi zinamwaga maji yake kwenye mto Santa Fe. Mto huo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu ya majani na mizizi inayolowa ndani yake. Mahali maji hayo mawili yanapokutana unaona mstari, upande huu bilauri ya maji ya kunywa, upande ule kikombe cha chai. Mpiga mbizi anajua yuko upande gani. Aligeta naye yuko huru kukaa upande wowote.

Ngozi ya ngoma

Ili tuelewe kwa nini watu wengi wanazamia na kutoka salama, inabidi tujue aligeta anawindaje. Macho anayo, masikio anayo, lakini ana chombo kingine ambacho sisi hatuna. Kwenye taya zake kuna vijinundu vidogo, ukubwa wa kichwa cha pini, vimetapakaa kama chunusi. Mwaka 2002 mtafiti Daphne Soares alionyesha kazi yake: aligeta aliyelala nusu mwili majini, gizani, aligeukia mahali lilipodondoka tone moja tu la maji. Vijinundu vile vinapokea mtikisiko.

Sasa fikiria ngoma. Ngozi ya ngoma ukiigusa kwa kidole upande huu, aliyeweka kiganja upande wa pili atahisi. Uso wa maji ndiyo ngozi hiyo, na taya la aligeta ndilo kiganja. Anaelea pua na macho vikiwa juu, taya limegusa mpaka wa maji na hewa, anasubiri. Ndege akitua, kobe akichomoza, mbwa akiogelea huku akipiga maji kwa miguu, ngozi inatikisika. Kwa aligeta huo ndio mwito wa chakula.

Mpiga mbizi aliye mita 8 chini haigongi ngozi hiyo kama anavyoigonga mwogeleaji. Mapovu yake hupanda na kupasuka juu, kweli, na aligeta anajua kuna kitu. Lakini mapovu hayafanani na kutapatapa kwa mnyama. Tena mtu mwenye mtungi, akionwa kwa mwili wake wote, ni kitu kikubwa. Aligeta mzima hula zaidi samaki, kobe, ndege na wanyama wadogo. Mwogeleaji anayeonekana kichwa tu juu ya maji anaweza kudhaniwa mnyama wa kiasi hicho. Mtu aliyeonekana kuanzia kichwa hadi mapezi ya miguuni hadhaniwi hivyo kwa urahisi.

Hii haimaanishi kwamba aligeta hawezi kuuma chini ya maji. Huo ni uzushi niliousikia mara nyingi, eti akifungua mdomo majini atazama. Nyuma ya ulimi wake kuna kibao cha nyama kinachofunga koo kama mlango, maji hayaingii. Anachoshindwa ni kumeza, hilo hulifanya akiwa amepandisha kichwa. Kuuma anauma popote.

Hesabu zinasaidia kuweka hofu mahali pake. Tume ya wanyamapori ya Florida imekuwa ikiandika matukio tangu mwaka 1948. Kwa wastani ni watu kama 8 kwa mwaka wanaoumwa bila kumchokoza mnyama, kiasi cha kuhitaji matibabu, na vifo kwa miaka yote hiyo ni takriban 30. Jimbo lina watu zaidi ya milioni 22. Wengi wa walioumwa hawakuwa na mtungi mgongoni: ni waogeleaji, watembezaji wa mbwa ukingoni, watu wanaotafuta vitu vilivyopotea kwenye mabwawa. Mwaka 2022 mtu mmoja aliuawa katika ziwa la mjini Largo, alikokuwa akitafuta visahani vya mchezo vilivyoanguka majini.

Mahali palipo na kona

Kuna tukio moja ambalo kwangu linaeleza jambo hili lote. Katika mto Cooper, South Carolina, kuna wanaozamia kutafuta meno ya papa wa kale yaliyogeuka mawe. Maji ya huko ni meusi. Mzamiaji haoni mkono wake bila tochi, na mkondo una nguvu hivi kwamba wengi hushika bisibisi kubwa na kuichomeka chini ili wasisombwe. Aprili 2024, mmoja wao alimaliza kuzamia akapanda juu. Alipotokeza kichwa, aligeta alikuwa anamjia. Akamuuma mkono, akamvuta hadi chini, kiasi cha mita 15. Alinusurika kwa kujivua vifaa vyake, mnyama akabaki navyo, yeye akapanda na mkono uliovunjika.

Angalia ni wapi aliposhikwa. Hakushikwa kule chini alikokuwa muda wote, akipapasa matope gizani. Ni pale alipotokeza juu, mahali ngozi ya ngoma inapogongwa. Mwaka 2021 pia, mtafuta meno ya papa kwenye mto Myakka, Florida, aliumwa kichwani. Yeye hakuwa na mtungi, alikuwa akizama kwa pumzi yake na kurudi juu.

Kwa hiyo wazoefu huwa na umakini zaidi wakati wa kuingia na kutoka kuliko wakati wa kuwa chini. Kabla ya kuingia wanasimama ukingoni na kutazama, hasa penye nyasi na magogo. Wanaingia bila kurusha maji ovyo. Wakati wa kupanda wanageuka duara kamili wakitazama juu. Hawaelei juu wakipiga soga, wanatoka. Hawaendi jioni wala usiku kwenye mito yenye aligeta wengi, maana kuanzia magharibi hadi alfajiri ndiyo saa zake za kazi. Kuanzia Aprili hadi Juni, msimu wa kutafutana na kupandana, madume hutembea sana, na baadaye majike hulinda viota. Mbwa hawaletwi kabisa.

Na hapa kuna jambo ambalo naliona zito kuliko yote. Florida ni kosa kisheria kumlisha aligeta wa porini. Ukienda soko la samaki la Feri pale Dar es Salaam, utaona paka hawamkimbii mtu, wanamfuata, kwa sababu wamejifunza kwamba mtu ni utumbo wa samaki. Aligeta aliyetupiwa mabaki ya kuku na wavuvi au wageni anajifunza hivyohivyo, ila yeye ana urefu wa mita 3. Kwa kawaida aligeta mwitu humkwepa mtu. Anayekuja mbio ukitokeza juu, mara nyingi kuna mtu aliyemfundisha. Na mwisho wake huwa mbaya kwake pia: aligeta anayezidi kiasi cha mita 1.2 akionekana ni tishio, huitiwa mtegaji, na kwa kawaida huuawa. Mnyama huyu aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1967 na akaondolewa mwaka 1987 baada ya kulindwa. Inauma kumpoteza kwa sababu ya kipande cha kuku.

Yapo mengine yanayosemwa. Eti aligeta akikukimbiza, kimbia kwa kupinda kushoto na kulia. Usipoteze muda, kimbia moja kwa moja kutoka majini. Nchi kavu huchoka upesi na ni nadra kumfukuza mtu. Eti maji yakiwa maangavu hayupo. Oktoba 2015, mwogeleaji aliuawa na aligeta katika hifadhi ya Blue Spring, chemchemi ya maji maangavu kabisa inayopendwa na familia. Eti kipupwe amelala. Ni kweli kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 21 hivi hamu yake ya kula hupungua sana, maana mwili wake hauna moto wa ndani kama wetu. Lakini siku ya jua atakuwa ukingoni anajianika, na mtu akimkanyaga hatauliza ni mwezi gani.

Kinachowaua wapiga mbizi kweli

Ukimuuliza mkufunzi wa Florida anaogopa nini kwenye chemchemi, sidhani aligeta atatajwa wa kwanza. Atakuambia pango. Kwenye milango ya mapango mengi kuna bango lenye picha ya mauti mwenye kofia na fyekeo, likimwambia mzamiaji asiendelee, kwamba zaidi ya watu 300, wakiwemo walimu wa kuzamia, wamekufa kwenye mapango kama hilo.

Sababu inaeleweka kirahisi. Baharini ukipata shida unapanda juu. Pangoni juu ni mwamba. Sakafuni kuna vumbi laini la udongo, pezi moja likiligusa vibaya maji yanageuka kama chumba kilichomwagwa jivu, na mlango ulioingilia hauuoni tena. Ndiyo maana waliofundishwa hufuata kamba iliyofungwa tangu nje, hubeba taa tatu, na hugawa hewa mafungu matatu: fungu la kwendea, fungu la kurudia, na fungu la dharura ambalo halitakiwi kuguswa. Ni kama dereva wa bodaboda anayekwenda kijiji kisicho na kituo cha mafuta. Akitumia nusu tanki kwenda, amejihesabia kurudi bila kona wala pancha. Sheck Exley, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huu Florida, aliandika kanuni hizi mwaka 1979 baada ya kuchambua vifo vya wenzake.

Kuna na boti. Sheria ya Florida inamtaka mzamiaji aweke bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, na boti zipunguze mwendo zikiikaribia. Rafadha ya boti haina hamu ya kula, lakini pia haina woga wa mtu mkubwa.

Basi, je, kwetu?

Hapa narudi kwenye ile kauli ya pili, "mamba hana neno". Yote niliyoyaeleza ni ya aligeta wa Marekani. Mamba wa Nile, yule wa Rufiji, Ruvuma, Tana, Mara, Ziwa Victoria, Rukwa na Turkana, ni mnyama mwingine kwa ukubwa na kwa mazoea. Dume lake linaweza kupita mita 5. Amekulia kwenye mito ambayo chakula kinakuja kunywa maji kwa miguu minne: swala, nyumbu, pundamilia, ng'ombe. Kwake mtu si mkubwa wa kuogopwa, ni wa kiasi. Vile vijinundu vya kuhisi, ambavyo aligeta anavyo usoni tu, mamba amevitapakaza hadi kwenye magamba ya mwili. Kwa makadirio, anaua mamia ya watu barani Afrika kila mwaka. Warundi wanamkumbuka Gustave, mamba mkubwa wa mdomo wa mto Ruzizi, na hata kama nusu ya yaliyosemwa juu yake yalitiwa chumvi, nusu iliyobaki inatosha.

Wapo wanaozamia kwenye maziwa yetu. Ziwa Tanganyika, kwa mfano, lina watafiti na wakamataji wa samaki wa mapambo wanaoshuka na mitungi. Lakini wanachagua sehemu za miamba na maji maangavu, mbali na midomo ya mito na matete, na wanawauliza kwanza wavuvi wa pale kama mamba ameonekana. Hiyo si video ya mtu anayepishana na mnyama kwa starehe.

Florida yenyewe imeonja tofauti hii. Mwaka 2016 watafiti walithibitisha kwa vinasaba kuwa mamba watatu waliokamatwa kusini mwa jimbo hilo walikuwa mamba wa Nile, inaelekea waliletwa na binadamu. Watu waliozoea kuishi na aligeta zaidi ya milioni waliingiwa na wasiwasi kwa hao watatu.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho mzamiaji wa Santa Fe na mama anayeteka maji Sengerema wanafanana. Wote wawili hatari yao iko pale pembeni na pale juu, kwenye zile hatua chache ambazo mtu anaugusa uso wa maji. Mzamiaji hupita hapo mara mbili kwa siku ya mapumziko. Mama hupita hapo asubuhi na jioni, ameinama, ndoo inagonga maji. Ndiyo maana kando ya Ziwa Victoria kumejengwa vizimba vya kujikinga na mamba. Kizimba ni uzio uliosimikwa ndani ya maji, unaozunguka eneo dogo tu la ukingo, mtu aingie achote, afue, atoke. Ziwa halizungushiwi uzio. Inazungushiwa sehemu ile ndoo inapogonga.